Utafiti wa mara moja: tuhesabu magunia yaliyomo ghalani, tusidai tumeyaona yakiingia

Mdadisi wa Newala (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, na salamu za pekee kwa ndugu zangu wa Kusini, Mtwara na Lindi.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Kila mwaka wanafunzi wa afya wakianza kuandaa tafiti zao, simu yangu haitulii. "Dada, andiko limerudishwa, msimamizi anasema mbinu haiendani na malengo." Nikilifungua nakuta kichwa cha aina moja: Visababishi vya ugonjwa fulani kwa watu fulani, wilaya fulani. Nikishuka kwenye mbinu nakuta utafiti wa mara moja, wiki mbili, kituo kimoja cha afya, wahojiwa 120. Msimamizi akipiga mstari mwekundu hapo hajamwonea mtu.

Nimeshika dodoso miaka 11, mwanzo kama mdadisi, sasa nasimamia timu uwandani. Naandika yale niliyoyaona kwa macho yangu. Mwenye elimu zaidi anirekebishe.

Utafiti wa mara moja, ambao vyuoni mtausikia ukiitwa krosi-seksheni, ni ule unaomkuta mtu mara moja tu. Siku hiyo hiyo unampima ugonjwa, siku hiyo hiyo unamuuliza anakula nini, analala wapi, anafanya kazi gani. Hukumfuata tangu akiwa mzima, wala hutarudi mwakani kuona kama ameugua.

Sisi watu wa korosho tuna namna rahisi ya kuuelewa. Nenda ghala la chama cha msingi siku moja, hesabu magunia. Umekuta 500. Hiyo ni habari ya kweli na ina kazi yake, maana anayepanga malori anaihitaji. Lakini 500 hizo hazikuambii kwa siku yanaingia mangapi. Kama yanaingia 50 na kila gunia linakaa siku 10 kabla ya kuchukuliwa, utakuta 500. Yakiingia 50 yale yale ila mnada umechelewa, kila gunia linakaa siku 40, utakuta 2,000. Mikorosho haijazaa zaidi hata punje moja. Magunia yamekaa tu.

Magunia yaliyomo ndiyo ushamiri wa ugonjwa, yaani walionao siku ile. Yanayoingia ndiyo wagonjwa wapya. Utafiti wa mara moja unahesabu yaliyomo. Ukitaka kujua yanayoingia, kaa mlangoni na daftari siku baada ya siku, na huo ni utafiti wa namna nyingine, wa kufuatilia kundi la watu kwa muda.

Chukueni mabusha. Mzee aliyepata busha miaka 15 iliyopita utamhesabu leo, utamhesabu na mwakani, mpaka afanyiwe upasuaji au afariki. Mtoto aliyeharisha siku tatu akapona hutamkuta, ndiyo maana tafiti za kitaifa humuuliza mama kuhusu wiki mbili zilizopita badala ya leo pekee. Utafiti huu unanasa yanayokaa na unakosa yanayopita haraka, yapite kwa kupona au kwa kifo. Ugonjwa unaoua upesi utaonekana haba kijijini kwa sababu waliokuwa nao wamekwisha kuzikwa. Mwanatakwimu Jerzy Neyman alilieleza jambo hili mwaka 1955, na mwegemeo huo, yaani kosa linaloelemeza majibu upande mmoja, unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Kuna na suala la saa. Niliwahi kuwa kwenye timu ya kuchukua damu ya matende. Vijidudu vichanga vya matende huku kwetu mchana hujificha kwenye mishipa midogo ya mapafu, usiku ndipo hutoka kwenye damu ya juu, wingi wake ukiwa kati ya saa nne na saa nane usiku. Kwa hiyo tulitandika meza chini ya mwembe mbele ya ofisi ya kijiji, taa ya chaji imefungwa kwenye tawi, saa nne kasoro. Akaja mama mmoja, mtoto amelala mgongoni, kanga imemfunika hadi kichwani. Akaninyooshea kidole cha pete. Nikakifuta kwa spiriti, nikachoma, nikakamua taratibu damu ikapanda kwenye kijirija, nikaitandaza kwenye kioo mistari mitatu. Akaniuliza, "Mbona nilishapimwa mchana nikaambiwa sina kitu?"

Swali la mama yule ndilo somo zima. Tungefika saa nne asubuhi kwa watu wale wale na vioo vile vile, karatasi zetu zingesema kijiji kimepona. Siku hizi kuna kipimo cha ukanda kinachotafuta antijeni, yaani chembe za mnyoo mkubwa zilizomo kwenye damu, nacho hufanya kazi saa yoyote. Lakini kama kipimo chako kina saa yake, msimu wake, au siku zake, basi hivyo vyote ni sehemu ya jibu utakalopata, na lazima uviandike.

Mwenye andiko alilete hapa tulitazame pamoja.

---

MwambaoKilwa

Naweka kambi hapa. Mfano wa ghala umeniingia kuliko mihadhara ya muhula mzima.

---

BintiRondo

Shikamoo dada. Mimi ni mmoja wa waliorudishiwa andiko, nalileta kama ulivyosema.

Nipo mwaka wa mwisho, utafiti wangu nataka kuufanya Lindi vijijini. Kichwa: "Athari za ulaji wa chumvi katika kusababisha shinikizo la juu la damu kwa watu wazima." Nilipanga kuhoji watu 120 wanaokuja kliniki. Nilijaribu dodoso kwa watu 20 kabla, na kilichotokea kimenichanganya. Wenye presha ndio wanaokula chumvi kidogo! Wasio na presha wanakula ng'onda karibu kila siku na wanasema mchuzi bila chumvi hauliki. Msimamizi akaniuliza, "Kwa hiyo utaandika kwamba chumvi inakinga presha?" Nikakosa jibu, nikarudi hosteli nikalia.

Nimekosea wapi? Dodoso au hesabu?

---

Mdadisi wa Newala

Marahaba mdogo wangu. Futa machozi, maana umeuona mwenyewe mtego ambao watu wanaingia hadi wanachapisha.

Jiulize hao wenye presha ulikutana nao wapi. Kliniki. Na kliniki waliambiwa nini siku ya kwanza walipogundulika? "Punguza chumvi." Wakatii. Wewe umekuja mwaka mmoja baadaye ukawauliza wanakula chumvi kiasi gani leo. Ugonjwa ndio uliobadilisha ulaji. Ulaji wa leo hauwezi kueleza presha iliyoanza mwaka juzi. Ukipima mambo mawili siku moja, huwezi kuapa lipi lilitangulia, na hapo ndipo utafiti wa mara moja unapofikia ukingo wake.

Kuna ambalo halina shida hiyo. Jinsia yako ilikuwepo kabla ya presha. Umri vivyo hivyo, na mahali ulipozaliwa. Kwa vitu ambavyo ugonjwa hauwezi kuvibadilisha, swali la kipi kilianza halikusumbui. Linakusumbua kwa chumvi, uzito, pombe, kazi, hata kipato, kwa sababu mtu akiugua hivyo vyote vinaweza kusogea.

Ungefanyaje? Toka kliniki, nenda kwenye kaya. Kisha kwenye dodoso tenga watu watatu: aliyekwisha ambiwa na mhudumu wa afya kwamba ana presha, yule ambaye wewe ndiye wa kwanza kumkuta nayo, na asiye nayo. Ulaji wa huyo wa pili bado haujaguswa na ushauri wa mtu, kwa hiyo yeye na wa tatu ndio wa kulinganisha chumvi. Wa kwanza bado muhesabu kwenye ushamiri, hata kama leo kipimo chake ni 124 kwa 78, maana kimeshuka kwa dawa. Wengi wanamwacha nje na ushamiri unapungua kwenye karatasi. Anayetumia dawa ya presha ana presha.

Na naomba nikueleze jinsi ya kupima, kwa sababu hapa ndipo nimeona data nyingi zikiharibika. Niliwahi kumsimamia mdadisi kijana, hodari wa kuongea na watu. Tumefika kwenye kaya, mama hayupo, mtoto akatumwa kumwita shambani. Mama akaja mbiombio, jembe begani, jasho linamtiririka, akakaribisha, akakaa. Kijana akamvika mkanda palepale, juu ya mkono wa gauni. 158 kwa 96. Akaanza kuandika. Nikamwomba asubiri. Tukamtafutia mama kiti chenye mgongo, miguu ikakaa chini bila kukunjana, mkono ukaegemezwa mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi tupu. Tukanyamaza dakika tano, na dakika tano za kunyamaza kwenye nyumba ya mtu ni ndefu. Tukapima mara tatu, tukachukua wastani wa mbili za mwisho: 134 kwa 82. Mstari wa kumwita mtu mwenye presha ni 140 kwa 90. Mama yule alikuwa anaingizwa kwenye ugonjwa kwa sababu alikimbia kuja kutusikiliza.

Kwa mtu mmoja hilo ni kosa. Kwa watu 400 waliopimwa hivyo hivyo, hilo linakuwa "matokeo".

---

Mkulima Tandahimba

Salaam. Mimi si mtu wa chuo, ni mkulima, mwanangu kanionyesha mazungumzo haya nikasema nami niseme.

Mwaka mmoja walikuja vijana kutuuliza habari za kifua na salfa. Walikuja Februari, mvua inanyesha. Salfa sisi tunapuliza kuanzia Mei au Juni, mikorosho inapoanza kutoa maua, kuzuia ubwiriunga, tunaendelea mpaka Agosti huko. Wakaniuliza, mzee unapuliza salfa? Nikasema sipulizi. Unakohoa? Nakohoa. Wakaandika. Wakaenda kwa jirani yangu, kijana anayepuliza mashamba ya watu kwa malipo, kifua chake kizima kama ngoma. Wakaandika.

Sasa mimi nilibeba ile mashine mgongoni misimu kumi na nne. Niliacha kwa sababu ya kifua. Hakuna aliyeniuliza kama niliwahi. Kwa hiyo kwenye karatasi yao mimi ni mtu asiyepuliza lakini anakohoa, na jirani ni mtu anayepuliza na hakohoi. Nilipowaza baadaye nikaona salfa imetoka safi na mimi ndiye nimeisafisha.

Na hawakurudi kutuambia walipata nini.

---

Mdadisi wa Newala

Shikamoo mzee. Umeeleza kwa maneno machache kitu ambacho wanatakwimu wanakiita mwegemeo wa mfanyakazi mzima. Kazi ngumu inachuja watu: aliyeumia ameshaondoka, aliyebaki ni yule ambaye mwili wake umehimili. Ukihesabu waliopo kazini leo unahesabu waliohimili.

Dawa yake ni swali ambalo hukuulizwa. Uliwahi? Ulianza lini, ukaacha lini, kwa nini uliacha? Hayo ni maswali manne, dakika mbili. Halafu msimu. Ukiuliza Februari "umekohoa mwezi uliopita" umeuliza habari ya mvua na mafua, salfa haimo.

Kuhusu kutorudi, mzee, sina utetezi. Nami nimekuwa kwenye timu ambazo hazikurudi. Bajeti iliandikwa hadi siku ya mwisho ya kukusanya data, ikaishia hapo.

---

HesabuTamu

Nimewahi kusahihisha maandiko mengi, naomba niingie kwenye idadi ya watu, maana BintiRondo ametaja 120 bila kusema imetoka wapi.

Fomula mnayoijua nyote: mraba wa 1.96, mara p (ushamiri unaoutarajia), mara moja kutoa p, gawanya kwa mraba wa kosa unalokubali. Usipojua ushamiri unaweka p nusu, kosa asilimia 5, inatoka 384. Vijana wanainakili hiyo 384 kama aya. Lakini hiyo ni kwa mtu aliyechagua watu mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Nani ana orodha hiyo Lindi vijijini? Mtachagua vijiji kwanza, kisha vitongoji, kisha kaya. Watu wa kitongoji kimoja wanafanana: kisima kimoja, duka moja, ukoo unaokaribiana. Mtu wa kumi na tano wa kitongoji kile kile hakuambii mengi mapya kuliko wa kumi na nne. Kwa hiyo unazidisha, mara nyingi kwa 1.5 au 2. Ukizidisha kwa 2 unapata 768. Ukitarajia mmoja katika kumi hatapatikana au atakataa, gawanya kwa 0.9, inakuwa 854. Wengi hapa huongeza asilimia 10 juu ya 768 wanapata 845, kisha mmoja katika kumi akikosekana wanabaki pungufu.

Jambo lingine: ukubwa wa mkoa hauna nguvu mnayodhani. Sensa ya 2022 iliipa Mtwara watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028. Kwa mikoa yote miwili 384 inabaki 384. Inapungua tu ukiingia mahali padogo. Kijiji chenye watu wazima 1,000, inashuka hadi 278.

La mwisho, kwa wanaochambua. Kama tatizo ni la watu wengi, msiupe uwiano wa odi maana usio wake. Odi ni wenye tatizo gawanya kwa wasio nalo, na uwiano wake ni odi ya kundi moja gawanya kwa ya jingine. Mfano wa kubuni: wapulizaji 100, wanaokohoa 60. Wasiopuliza 100, wanaokohoa 40. Ukilinganisha ushamiri, 60 kwa 40, ni mara moja na nusu. Uwiano wa odi kwa takwimu hizo hizo unatoa 2.25. Nimesoma ripoti inaandika "wana uwezekano zaidi ya mara mbili". Si kweli, ni mara moja na nusu. Programu itakupa odi kwa sababu umeiomba odi. Iombeni uwiano wa ushamiri.

---

BintiRondo

Kaka HesabuTamu asante. 854 peke yangu, na nauli ya mkopo wa chuo?

---

HesabuTamu

Basi punguza swali, usipunguze hesabu kimyakimya. Chukua kata moja badala ya wilaya, au kubali kosa la asilimia 7 badala ya 5: inatoka 196 kabla ya kuzidisha, 392 baada ya kuzidisha kwa 2. Kisha uandike wazi kwamba ndivyo ulivyofanya na kwa nini. Hakuna mtahini wa haki atakayekuangusha kwa hilo.

---

ZamuYaUsiku

Mimi ni tabibu, na nitasema ambalo wengine hawasemi. Tafiti hizi zimejaa mno. Kila mwanafunzi anafanya hii kwa sababu ni rahisi na inaisha haraka. Haithibitishi kisababishi, na kwenye ngazi ya ushahidi ipo chini. Mgonjwa wangu wodini haimsaidii. Kwa nini tusiwaambie vijana waachane nayo?

---

Mdadisi wa Newala

Daktari, kwamba inafanywa ovyo nakubaliana nawe, na ndiyo sababu ya uzi huu. Kwamba waachane nayo, hapana, na naomba unisikilize.

Nimezaliwa juu ya uwanda wa Makonde. Wengi humu hawajui kwamba chikungunya, ugonjwa ambao leo unatajwa India hadi Brazil, jina lake ni la kwetu. Mlipuko wake ulielezwa hapa Newala mwaka 1952 na 1953, Marion Robinson na Lumsden wakauandika kitaalamu mwaka 1955, na neno lenyewe ni Kimakonde, la mtu anayejikunja kwa maumivu ya viungo. Uwanda wetu una shida ya maji tangu enzi za babu zetu. Watu wanahifadhi maji ndani ya nyumba, na mbu wa Aedes anazalia humo humo.

Sasa tuseme leo unataka kujua watu wangapi wa uwandani wameshawahi kuipata. Huwezi kumfuata kila mtu miaka sabini. Unachukua damu mara moja, unatafuta kingamwili ambazo hukaa mwilini miaka. Unayemkuta nazo hujui aliambukizwa lini, ghala lile lile. Lakini wapange kwa umri. Ukikuta wenye miaka zaidi ya 30 wengi wanazo na watoto wa shule hawana kabisa, umejifunza kwamba ugonjwa ulipita na haujarudi kwa kishindo. Ukikuta zinapanda kidogo kidogo kila rika, unajua upo muda wote. Siku moja ya kuchukua damu imekusimulia miongo. Kwa mantiki hiyo hiyo tathmini za matende hupima watoto wa miaka 6 na 7: mtoto aliyezaliwa baada ya ugawaji wa dawa kuanza akikutwa na antijeni, maambukizi bado yanaendelea, hahitaji mtu kumfuatilia.

Halafu rudia utafiti ule ule. Malaria kwa watoto chini ya miaka mitano nchini, kwa tafiti za kitaifa za kaya, ilikuwa takribani asilimia 18 mwaka 2007 na 2008, ikaja 9 mwaka 2011 na 2012, ikapanda 14 mwaka 2015 na 2016, ikashuka 7 mwaka 2017, ikawa 8 mwaka 2022. Kila moja ni ya mara moja. Zikipangwa pamoja zinaonyesha njia. Na hapo pia usikimbie: ule wa 2017 ulikusanya data Oktoba hadi Desemba, ule wa 2022 ulianza Februari. Huku kwetu Oktoba ardhi ni kavu na Machi mvua ipo. Kupanda kutoka 7 hadi 8 kunaweza kuwa mbu, kunaweza kuwa kalenda.

Mgonjwa wako wodini utafiti huu haumsaidii moja kwa moja, ni kweli. Unamsaidia anayeamua wodi ijengwe wapi na dawa ziende ngapi. Utafiti wa VVU wa 2016 na 2017 uliikuta Njombe na asilimia 11.4 ya watu wazima, na Lindi chini ya 1. Hakuna aliyedai utafiti huo umethibitisha kwa nini. Lakini nani angegawa vituo vya dawa sawasawa baada ya kuuona? Na angalia ghala tena: dawa za kufubaza zikifanya kazi, watu wanaishi, ushamiri unaweza kupanda huku maambukizi mapya yakishuka. Asiyejua anaona namba imepanda anasema mpango umeshindwa, wakati watu wapo hai na ndio hao waliohesabiwa.

---

ZamuYaUsiku

Hilo la mwisho nimelipokea. Sikuwahi kulitazama hivyo, na nimewahi kulisema hadharani kinyume chake. Ahsante dada.

---

MwambaoKilwa

Dada, ulisema mwanzo utaongelea kaya zilizofungwa? Au nimeota? Mimi ndilo linalonisumbua, timu yetu ikikuta mlango umefungwa tunahamia nyumba ya pili.

---

Mdadisi wa Newala

Sikusema, ila umefanya vizuri kuuliza, kwa sababu hapo ndipo utafiti unapokufa kimyakimya.

Mlango uliofungwa una mtu wake, na mtu huyo hafanani na aliyekaa nyumbani. Nenda kijiji chochote cha Masasi au Nachingwea saa nne asubuhi ya Novemba. Utakaowakuta ni bibi, mama mwenye kichanga, mgonjwa, na mwalimu aliye likizo. Wenye nguvu wako shamba wanaokota korosho, wengine wamehamia kabisa kwenye vibanda vya shamba wanalinda mavuno wasiibiwe. Ukihamia nyumba ya pili, umebadilisha mkulima kwa bibi yake. Fanya hivyo mara 60 na presha, macho, maumivu ya mgongo vyote vitapanda kwenye ripoti, kwa sababu umehesabu waliobaki nyumbani, na wengi wao wamebaki kwa kuwa hawawezi kwenda.

Msimu wa jando nao. Ukitafuta wavulana wa miaka 8 hadi 12 wakati wapo kumbini, hutawapata, na hakuna mzazi atakayekupeleka huko kuwapima kichocho. Mwulize mwenyekiti wa kitongoji kabla hujapanga tarehe.

Kanuni yetu: kaya iliyochaguliwa ndiyo hiyo. Tunarudi mara tatu, siku tofauti, mara moja ikiwa jioni baada ya magharibi au alfajiri kabla watu hawajatoka. Ikishindikana tunaandika "hakupatikana" na sababu, hatuweki mbadala. Na ndani ya kaya humhoji aliyefungua mlango, unapanga watu wazima wote wa humo na kumchagua mmoja kwa bahati nasibu, hata kama aliyechaguliwa ni yule kijana asiyependa kuongea. Mwisho wa ripoti andika ulichagua kaya ngapi, ulipata ngapi, waliokosekana ni akina nani. Ule mwongozo wa STROBE wa mwaka 2007, wa namna ya kuandika ripoti za tafiti kama hizi, una vipengele 22, na hicho ni kimojawapo. Mimi ripoti ikifika mkononi, naanzia hapo kabla ya kusoma matokeo.

---

BintiRondo

Nimekaa na andiko siku nne, narudi.

Kichwa sasa: "Ushamiri wa shinikizo la juu la damu na mambo yanayohusiana nalo kwa watu wazima, kata moja ya Lindi vijijini." Neno kusababisha nimelitoa kote, lilikuwa limejirudia mara 17. Kaya badala ya kliniki. Makundi matatu kama ulivyonielekeza dada, na chumvi nalinganisha kwa wale ambao hawakuwahi kuambiwa wana presha. Watu 392, nikigawa kwa 0.9 ni 436, na wenzangu wawili tumekubaliana kusaidiana, kila mmoja uwandani kwa mwenzake. Nitaingia Agosti kabla korosho hazijaanza kuanguka. Msimamizi amesoma akasema niombe kibali cha maadili.

Nimeongeza kipengele kimoja kwenye bajeti: nauli ya kurudi na siku moja ya mkutano wa kijiji, kusoma matokeo. Niliposoma alichoandika mzee wa Tandahimba sikulala.

Na kila nitakayemkuta na presha siku hiyo nampa karatasi ya rufaa kwenda zahanati, hilo lipo?

---

Mdadisi wa Newala

Lipo, na liandike kwenye ridhaa ili alijue kabla hujamvika mkanda. Ongea na mganga wa zahanati mapema, asije akapokea watu 80 kwa wiki moja bila dawa.

---

Mkulima Tandahimba

Binti, mkutano uweke alasiri. Asubuhi utawakuta wazee tu. Mwambie mwenyekiti apige mbiu siku mbili kabla, na namba zako ziandike kubwa kwenye karatasi ya manila, wengine macho hayaoni vizuri.